Programu Inabofywa, Haifunguki, Wala Haisemi Kitu: Namna ya Kuifanya Itaje Kosa Lake

Unabofya ikoni mara mbili, kiduara kinazunguka kidogo, kisha kimya. Hakuna dirisha, hakuna kisanduku chenye alama nyekundu, hata mlio hakuna. Wengi wakifika hapo huifuta programu na kuipakua upya. Bando linaisha, programu inagoma vilevile, na hatua inayofuata huwa ni kumpelekea fundi akapige Windows upya.

Mwongozo huu unashika njia nyingine. Usirekebishe chochote kabla hujajua programu ilisema nini ilipokuwa inaanguka. Mara nyingi sana ilisema, ila ilisemea mahali ambapo macho yako hayafiki. Nitakaa zaidi kwenye Windows kwa sababu ndiko tatizo hili lilikojaa, kisha nitapita Linux, na Mac kwa kifupi.

## Kwa nini inakaa kimya

Programu ina njia mbili za kutoa maandishi: moja ya matokeo ya kawaida, nyingine ya makosa. Kwenye Windows, kila faili la .exe lina alama ndani yake inayosema ni programu ya dirisha jeusi la amri au ni ya madirisha ya kawaida. Ikiwa ni ya madirisha ya kawaida, Windows haiifungulii lile dirisha jeusi, kwa hiyo chochote inachoandika kwenye njia ya makosa hakina pa kuonekana.

Na kisanduku cha "kuna kosa" hakiji chenyewe. Aliyeandika programu ndiye anayekiandaa, na programu ikifa kabla ya kufika kwenye mistari hiyo, hakuna wa kukionyesha. Vipo visanduku vya Windows yenyewe, kama kile cha kulalamikia DLL (faili la msaada ambalo programu hulitegemea) iliyokosekana, lakini hata hivyo vinaweza kuzimwa na programu nyingine iliyoianzisha yako. Ndiyo maana programu ileile inaweza kulalamika ukiibofya kwenye folda, na ikanyamaza ukiianzisha kupitia kianzishi chake chenye kitufe cha "Play" au "Launch".

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli imekufa

Bonyeza Ctrl+Shift+Esc ufungue Task Manager, nenda kwenye kichupo cha Details, panga kwa majina, kisha ibofye programu yako huku ukitazama orodha. Utaona moja kati ya mambo haya.

Jina linatokea na kupotea papo hapo. Hiyo imeanguka, nenda hatua ya 2.

Jina halitokei kabisa. Kuna kitu kinaizuia isianze, au njia ya mkato uliyobofya inaelekeza kwenye faili ambalo halipo tena.

Jina linatokea na linabaki, ila dirisha huoni. Hapa watu wengi hudanganyika. Kompyuta ikizoea kuunganishwa na projekta au kioo cha pili, programu hukumbuka kwamba dirisha lake lilikuwa kule, na siku projekta haipo inafungukia hukohuko hewani. Bonyeza Alt+Tab uichague programu, halafu shikilia kitufe cha Windows na Shift ubonyeze mshale wa kushoto au wa kulia. Ikikataa, bonyeza Alt na Space, kisha herufi M, kisha mshale wowote mara moja, halafu sogeza kipanya: dirisha litakifuata.

Jina tayari lilikuwepo hata kabla hujabofya. Hiyo ni nakala ya jana iliyoganda. Programu nyingi haziruhusu nakala mbili kwa wakati mmoja. Ya pili ikiikuta ya kwanza, inaikabidhi kazi na kujifunga bila neno. Ya kwanza ikiwa imeganda, kazi inakabidhiwa kwa maiti. Bofya jina, chagua End task, jaribu tena. Kwa LibreOffice tafuta soffice.bin, maana ndiyo inayobaki nyuma.

## Hatua ya 2: Iko mahali pake, na imekamilika?

Hii ni fupi lakini inaokoa muda. Windows hufungua faili la zip kama vile ni folda ya kawaida, kwa hiyo mtu anaona .exe humo ndani na kuibofya palepale. Windows inaitoa hiyo moja tu na kuiweka kwenye folda ya muda, na mafaili mengine yote inayoyategemea yanabaki ndani ya zip. Bofya zip kwa kitufe cha kulia, chagua Extract All, anzia kwenye folda iliyotoka.

Kisha fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, halafu Protection history. Ukikuta faili la programu yako limewekwa karantini, umeshapata jibu. Usikimbilie kulirudisha, hasa kama programu yenyewe ni ile "iliyokrakiwa" uliyopewa kwenye flashi. Hapo kinga imefanya kazi yake, na mimi singeirudisha.

## Hatua ya 3: Ianzishe kwa amri, si kwa ikoni

Hapa ndipo programu inapopewa mahali pa kusemea. Fungua folda yake, bofya kwenye mstari wa anwani juu, andika cmd, bonyeza Enter. Dirisha jeusi litafunguka likiwa tayari ndani ya folda hiyo. Andika jina la programu na uone.

Programu kadhaa huja na pacha wawili, mmoja bubu na mwingine msemaji. Java ina javaw ambayo haionyeshi kitu na java ambayo inaonyesha. Python ina pythonw na python. LibreOffice kwenye Windows ina soffice.exe na soffice.com. Siku ya kutafuta kosa, tumia msemaji.

Tuchukue mfano wa faili la .jar, yaani programu ya Java, ambalo ni bingwa wa kunyamaza. Ukilibofya, Windows hulikabidhi kwa javaw, na likishindwa hutaona lolote. Sasa andika:

java -jar programu.jar

Kosa ambalo lilikuwepo muda wote linatokea. Mara nyingi ni mstari mrefu wenye UnsupportedClassVersionError, na mwishoni mwake namba mbili: programu imetengenezwa kwa toleo la 61.0, na Java iliyopo inatambua hadi 52.0. Namba 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17, 65 ni Java 21. Kumbe programu ni nzima kabisa na kompyuta ni nzima, ila Java ni ya zamani. Ungeweza kuifuta na kuirudisha hiyo programu mwezi mzima.

Ikiwa dirisha jeusi nalo halionyeshi kitu, usikate tamaa. Iulize Windows programu imeondoka na namba gani:

start /wait "" "programu.exe"
echo %errorlevel%

Hizo alama mbili tupu za kunukuu baada ya wait ziache zilivyo. Ukiziondoa, Windows itachukulia jina la programu kuwa kichwa cha dirisha. Mstari wa pili utakupa namba. Ikiwa ni 0, programu inaamini imemaliza kazi yake salama, na kwa kawaida maana yake ni ile ya hatua ya 1: ilikuta nakala nyingine, au hiyo uliyoianzisha ni kianzishi tu na programu halisi iko kwenye folda ya ndani. Itafute hiyo ya ndani uianzishe moja kwa moja.

Namba ndefu zenye alama ya kutoa mbele ndizo zenye habari:

-1073741515, yaani 0xc0000135: kuna DLL imekosekana. Zinazokosekana sana ni VCRUNTIME140.dll na MSVCP140.dll, na dawa yake ni Visual C++ Redistributable kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Weka ya x86 (biti 32) na ya x64 (biti 64) zote mbili, kwa sababu inayohitajika hutegemea programu, si Windows yako. Zile tovuti zinazogawa DLL mojamoja ziepuke. Hujui ulichopewa, na hata kikiwa safi kinaweza kuwa cha toleo lisilolingana.

-1073741701, yaani 0xc000007b: mafaili ya biti 32 na ya biti 64 yamechanganywa. Mara nyingi ni matokeo ya mtu kunakili DLL kutoka huko nilikosema uepuke.

-1073741795, yaani 0xc000001d: programu imeiamuru prosesa jambo isilolijua. Hii inawahusu sana wenye kompyuta zilizotumika, zile za Core 2 Duo ambazo bado zinauzwa mitaani kwetu. Programu nyingi za sasa za video na za akili unde zinahitaji amri za AVX, zilizoanza kwenye prosesa za mwaka 2011, na Pentium na Celeron nyingi zilizotoka miaka kadhaa baadaye bado hazina. Hapa hakuna draiva (programu ndogo inayoendesha kifaa) wala fundi wa kusaidia. Tafuta toleo la zamani la programu, au toleo lililotengenezwa bila AVX kama wenye programu wanalitoa.

-1073741819, yaani 0xc0000005: imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake. Peke yake namba hii haitoshi, kwa hiyo endelea.

## Hatua ya 4: Soma kitabu cha Windows chenyewe

Windows huandika maanguko. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika eventvwr.msc, kisha fungua Windows Logs na chini yake Application. Ibofye programu yako ife, rudi hapa, bonyeza F5, na utazame mistari ya juu yenye neno Error. Kwa kuibofya upya unakuwa na uhakika wa saa na dakika. Orodha hii huwa na makosa mengi ya zamani yasiyokuhusu, na mtu asiyejua anaweza kuogopa kompyuta yake bure.

Tafuta Event ID 1000, chanzo Application Error. Ndani yake kuna vitu vitatu vya kusoma. Faulting application name ni programu iliyoanguka. Hakikisha ndiyo yako. Exception code ni zile namba za 0xc tulizozipitia. Faulting module name ndiyo ya thamani zaidi, kwa kuwa inataja faili ambalo programu ilikuwa ndani yake ilipoanguka.

Ukikuta nvoglv64.dll, hiyo ni draiva ya picha ya NVIDIA, atio6axx.dll ni ya AMD; majina yanayoanza na ig na kuishia na icd64.dll ni ya Intel. Sasisha draiva kutoka kwa mtengenezaji kabla ya kuigusa programu. Ukikuta DLL ya programu nyingine kabisa, kwa mfano ya kurekodi skrini au ya kinga ya virusi, izime kwanza hiyo. Lakini ukikuta ntdll.dll au KERNELBASE.dll, usiende kutafuta mtandaoni namna ya "kurekebisha ntdll". Mafaili hayo ni ya Windows, kila programu hupita humo, na kutajwa kwake kunaonyesha tu mahali zilipoishia nguvu.

Namba ya kosa ikiwa 0xe0434352, programu imeandikwa kwa .NET, jukwaa la Microsoft la kutengenezea programu. Tazama mstari wa jirani wenye Event ID 1026, chanzo .NET Runtime. Huko kosa huwa limeandikwa kwa maneno kamili, wakati mwingine hadi na jina la faili lililokosekana. Huu ndio mstari ninaoupenda kuliko yote humu.

Application ikiwa tupu, angalia System, chanzo Application Popup. Na kama orodha hizi zinakuchosha, andika perfmon /rel badala ya eventvwr.msc: utapata kalenda yenye alama nyekundu kwa kila siku iliyokuwa na anguko, na ukibofya unapata maelezo yaleyale kwa sura ya kupendeza zaidi.

## Hatua ya 5: Logi (kumbukumbu za matukio) ya programu na mipangilio yake

Bonyeza Windows na R, andika %APPDATA%, halafu rudia kwa %LOCALAPPDATA%. Tafuta folda yenye jina la programu au la kampuni, na ndani yake folda ya logs. OBS Studio, kwa mfano, huweka zake kwenye obs-studio\logs. Panga kwa tarehe, fungua la karibuni kwa Notepad, anza kusoma kutoka chini kwenda juu.

Ukiwa humohumo, fanya jaribio moja: badilisha jina la folda ya mipangilio, usiifute. Kwa LibreOffice ni LibreOffice\4\user ndani ya %APPDATA%. Iite user-zamani, anzisha programu. Ikifunguka, tatizo ni mipangilio iliyoharibika, pengine umeme ulikatika ikiwa inaandika. Utarudisha kamusi na violezo vyako kutoka kwenye folda ya zamani taratibu. Isipofunguka, rudisha jina, hujapoteza kitu. LibreOffice pia hukubali soffice --safe-mode, na Firefox hukubali firefox -P ili kuanza na wasifu mwingine. Programu zilizojengwa kwa Electron, yaani zinazobeba kivinjari ndani yake, jaribu kuzianzisha na --disable-gpu. Zikifunguka, mshukiwa ni draiva ya picha.

## Hatua ya 6: Process Monitor, kama yote yameshindikana

Hiki ni chombo cha bure cha Sysinternals, kampuni ya zana za Windows ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2006. Kinaandika kila faili linaloguswa na kila programu, kwa hiyo bila kichujio utazama. Weka kichujio: Process Name, is, jina la .exe yako, Include. Ibofye programu, ikishakufa bonyeza Ctrl+E kusimamisha.

Sasa tafuta mstari wa Process Exit na upande juu kidogokidogo. Unatafuta ACCESS DENIED, yaani ilinyimwa ruhusa, au NAME NOT FOUND, yaani ilitafuta kitu isikione. Angalizo kuhusu hii ya pili: zipo mamia hata kwa programu nzima, kwa sababu Windows hutafuta DLL folda moja baada ya nyingine mpaka iipate. Yenye maana ni ile inayotafutwa folda zote na haipatikani popote, kisha programu inaanza kujifunga.

## Kwenye Linux

Mantiki ni ileile na kazi ni nyepesi zaidi. Anzisha programu kutoka terminali. Hujui amri yake? Tafuta faili lake la .desktop kwenye /usr/share/applications usome mstari wa Exec. Vinginevyo andika journalctl --user -f, iache wazi, kisha bofya ikoni: kosa litapita mbele ya macho yako. Kwenye Linux Mint na mazingira kama Xfce, tazama pia ~/.xsession-errors.

Ukimya maarufu wa Ubuntu ni wa AppImage, yaani programu nzima iliyofungwa ndani ya faili moja. Tangu toleo la 22.04, unaipa faili ruhusa ya kuendeshwa, unalibofya, na hakuna linalotokea. Terminali inasema:

dlopen(): error loading libfuse.so.2
AppImages require FUSE to run.

FUSE ndiyo inayoiwezesha AppImage kufungua yaliyomo ndani yake. Dawa ni sudo apt install libfuse2, na kwenye 24.04 kifurushi kinaitwa libfuse2t64. Usiweke kifurushi kinachoitwa fuse pekee. Kinaweza kuondoa fuse3 ambayo mazingira ya dawati yanaitegemea, ukaharibu zaidi ya ulichokuwa unatengeneza. Kama huna mtandao kwa sasa, ongeza --appimage-extract-and-run baada ya jina la faili na litafunguka bila FUSE.

Kwa programu za kawaida, ldd ./programu | grep "not found" itakutajia maktaba zote zilizokosekana kwa mkupuo. Namba za kuondokea hupatikana kwa echo $?: 126 ni faili lisilo na ruhusa ya kuendeshwa, 127 ni amri au maktaba isiyopatikana, 132 ni ile ya prosesa isiyojua amri, 139 ni kuvunja mpaka wa kumbukumbu.

Kwenye Mac, fungua Terminal na uanzishe faili lililo ndani ya programu, kwenye Contents/MacOS, au soma ripoti zilizoko ~/Library/Logs/DiagnosticReports.

## Kwa wanaoandika programu

Nusu ya shida hii tunaitengeneza wenyewe. Ukifunga programu ya Python kwa PyInstaller kwa --windowed, sys.stdout na sys.stderr zinakuwa None, na maktaba yoyote inayojaribu kuandika huko inaweza kuiua programu yako kabla mtumiaji hajaona dirisha. Jaribu kwanza kwa --console, na toleo la mwisho lianze hivi:

import ctypes, pathlib, traceback
try:
    from programu import anza
    anza()
except Exception:
    kosa = traceback.format_exc()
    faili = pathlib.Path.home() / "programu-kosa.txt"
    faili.write_text(kosa, encoding="utf-8")
    ctypes.windll.user32.MessageBoxW(None, kosa, "Imeshindwa kuanza", 0x10)
    raise

Zingatia kwamba import iko ndani ya try. Ikibaki juu, maktaba ikikosekana programu itakufa kimya kama kawaida.

## Ukiomba msaada

"Fundi, haifunguki" haimsaidii fundi. Mpe toleo la programu na la Windows au Linux, namba ya kuondokea, maandishi ya Event ID 1000 au ya terminali, na kilichobadilika tangu ilipofunguka mara ya mwisho: sasisho, draiva, kinga mpya. Nakili maandishi yenyewe badala ya kupiga picha kioo kwa simu, ili aweze kuyatafuta. Kabla ya kutuma, pitia mistari yenye C:\Users\ au /home/, kwa sababu jina lako huwa limeandikwa humo.